Gitaa kavu studioni: pikapu au maiki?

Kwenye studio ndogo za Tabora, ambazo nyingi ni frem za maduka zilizoezekwa bati, mabishano ni yale yale kila anapoingia mpigaji mwenye gitaa kavu (la akustiki) lenye tundu la jeki. Prodyuza anataka waya uchomekwe kazi iishe. Mpigaji anataka maiki, maana gitaa analolisikia likiwa kifuani mwake silo linalotoka kwenye spika. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba wanabishania kifaa wakati cha kuangalia kwanza ni hali ya chumba na nafasi ya gitaa ndani ya wimbo.

Tuanze na pikapu, kile kifaa cha kwenye gitaa kinachonasa mlio na kuupeleka kwenye jeki, kwa sababu inasingiziwa mengi. Magitaa mengi ya dukani yana ile ya piezo, ukanda mwembamba uliolazwa chini ya kijiti cheupe kinachobeba nyuzi. Inapokea mgandamizo wa uzi papo hapo, kabla ubao wa mbele haujatikisa hewa. Ndiyo maana mlio wake ni mkavu, na ukichapa kwa nguvu unatoa ukali wa kuudhi, hasa kati ya kilohezi 1.5 na 3. Ile ya sumaku inayobanwa kwenye tundu la gitaa ina mlio mnene zaidi, ila inataka nyuzi za chuma. Kwenye nailoni haipati kitu.

Hata hivyo, lawama nyingi zinatokana na kuchomeka vibaya. Piezo isiyo na priampu, yaani kikuzaji kidogo cha mlio, ikiingizwa kwenye tundu la kawaida (laini) lenye ukinzani wa kiloomu 10 hivi, besi yote inapotea na gitaa linabaki jembamba. Inahitaji megaomu 1 kwenda juu, yaani ile batani ya gitaa kwenye saundi kadi, kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, ibonyezwe, au priampu iwekwe katikati. Priampu ya ndani ya gitaa nayo ina batri ya volti 9, na kwa magitaa mengi jeki ndiyo swichi yake: ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, asubuhi batri imechoka. Batri iliyochoka haikati mlio ghafla. Huanza kwa kukwaruza kwenye mapigo makubwa, watu wakadhani pikapu imekufa. Na ukisikia muungurumo, chomoa kwanza chaja ya laptopu utumie betri yake. Muungurumo ukinyamaza, tatizo ni umeme, na dawa yake ni fundi kurekebisha waya wa ardhi, siyo kuukata.

Maiki inasikia kile ambacho pikapu haiwezi: ubao, hewa ya ndani ya gitaa, kidole kikiteleza kwenye uzi. Kwa wimbo wa sauti moja na gitaa moja, hakuna ikwalaiza inayoziba pengo hilo, na hapo mpigaji ana haki ya kung'ang'ania. Iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka pale shingo inapokutana na bodi, uigeuze kidogo kuelekea tundu. Ukiielekeza tunduni moja kwa moja, hewa inayopumua mle inajaza besi karibu na hezi 100 na kila kodi inavimba. Maiki ya kondensa inataka volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Ya dainamiki haihitaji umeme huo, lakini gaini (kiwango cha kukuza mlio) lazima ipandishwe sana, na saundi kadi ya bei nafuu ikipandishwa hivyo inaanza kuvuma.

Kisha kuna chumba. Wengi hutundika blanketi nyuma ya maiki, ilhali maiki ya upande mmoja inatazama mbele: ukuta unaorudisha mwangwi ndani yake ni ule ulio nyuma ya mpigaji. Godoro lisimamishwe hapo. Paa la bati lina adha yake nyingine. Jua likipanda, au jioni likipoa, bati linajivuta na kutoa vidoko vidogo vikali, ambavyo kwenye maiki ya kondensa vinasikika kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Mchana wa Septemba unaweza kurudia mshororo mmoja mara nyingi kwa sababu hiyo tu, ukiacha bodaboda za nje. Masika ndiyo hakuna mjadala, mvua ikipiga bati maiki haina kazi. Ukavu wa kiangazi nao unakausha ubao ukabonyea, nyuzi zikaanza kugusa freti. Kasoro hiyo inaingia kwa njia zote mbili, hivyo weka sponji yenye unyevu, ndani ya kisahani cha sabuni kilichotobolewa, kwenye boksi la gitaa.

Prodyuza ana hoja moja inayosahaulika. Tabora ni mji wa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz, na sikio lililolelewa na muziki wa dansi limezoea gitaa linalopita kwenye amplifaya, jembamba na lenye kukata, solo na ridhimu zikipishana bila kukanyagana. Katika wimbo wenye ngoma, kinanda na kwaya, unene wa maiki unageuka uchafu, unaanza kugombania nafasi na besi na sauti za wanaume. Hapo pikapu iliyopunguzwa desibeli 3 au 4 kwenye ule ukali inakaa vizuri zaidi. Si suala la kubana matumizi.

Ukiwa na chaneli mbili, rekodi zote kwa pamoja, lakini usizichanganye kabla ya kuzipanga. Sauti inatumia takriban milisekunde 0.9 kusafiri sentimita 30, ambazo ni kama sampuli 42, yaani vipimo vya sauti vinavyochukuliwa na kompyuta, ukirekodi kwa kilohezi 48. Pikapu inatangulia kwa kiasi hicho, na ukiziacha hivyo kunatokea shimo karibu na hezi 570, gitaa linasikika limekabwa. Kuza picha ya wimbi, tafuta pigo moja la wazi, sogeza wimbi la maiki kushoto, liwahi zaidi, hadi vilele vikutane. Geuza fezi ya chaneli moja (wimbi lipinduliwe juu chini) na ubaki na upande wenye besi nyingi. Sikiliza kwa mono, maana wengi watausikia wimbo kwenye spika moja ya simu. Maiki iongoze, pikapu ikae desibeli 6 hadi 10 chini yake.

Na kama mteja amelipia saa moja tu na mawingu yameshatanda, usimchagulie. Panga gaini ya pikapu kwanza, kilele kisizidi desibeli -10, halafu simika maiki na urekodi zote. Mvua ikiingia katikati, chaneli ya maiki inazimwa kuanzia hapo na kazi inaendelea.