Ngitili, malisho ya akiba ya kiangazi, siyo eneo wazi
Mwandishi wa makala ninayoijibu anataka kila mkoa wa Kanda ya Ziwa utenge ardhi ya mitambo ya sola, mzigo usibebwe na wilaya ya Kishapu, Shinyanga, peke yake. Naunga mkono, ila nusu. Megawati 1 hutaka kama hekta 1 hadi 2, na Kishapu imepangiwa megawati 150 kwa awamu. Piga hesabu.

Sasa huku Magu, mtu wa ramani akiona nyasi ndefu anaandika "eneo wazi". Jamani, hiyo ni ngitili! Imefungwa tangu masika, ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikolee. Juzi baba mdogo kakuta vigingi vimepigiliwa katikati ya ngitili yake, vina rangi nyekundu, na hakuna aliyemwambia kitu. Kigingi kimoja kakifungia ndama.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya kupanga. Waanzie hapo, kwenye mkutano wa kijiji, ramani baadaye.

Halafu mabati ya viwanda vya samaki pale Mwanza yanaungua jua kutwa, hayalishi hata mbuzi. Mbona hayo hayatajwi kuwekewa sola?