Kibao cha "Mbwa Kali" kinamlinda nani?

Mama anayetuuzia sukuma wiki hapa Nyalenda, Kisumu, siku hizi humwachia bintiye kisu. Mbwa wa boma moja alimrarua kiganja cha kulia akipita njiani, kano zikakatika, na sasa vidole viwili havikunji. Mwenye mbwa alilipia sindano za kichaa cha mbwa, akaona yameisha.

Angejeruhiwa na kiboko kule Dunga, ufukweni mwa ziwa, akapata ulemavu wa kudumu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ingemtajia shilingi milioni 3 kutoka serikalini, hata kama malipo yenyewe hukawia. Kwa mbwa hakuna kiwango. Inambidi amshtaki mwenye mbwa ndani ya miaka 3, athibitishe ama kwamba mtu huyo alijua mbwa wake huuma, ama kwamba alizembea kumdhibiti. Hilo la kujua tulilirithi kwa Waingereza, na ndilo gumu, maana majirani hawapendi kutoa ushahidi. Hapo ndipo kibao cha langoni kina uzito. Wengi hukitundika wakiamini kimewaondolea lawama, kumbe wakili anaweza kukigeuza: aliyeandika "Mbwa Kali" alijua.

Wenye mbwa nao wana hoja nzito. Mitaani kwetu mbwa si fahari. Wezi huruka ua usiku, na asiyemudu mshahara wa mlinzi humudu makombo ya ugali. Ukisema kila aliyeumwa alipwe, hata mwizi atadai. Na hukumu ya laki 5 dhidi ya mtu asiye na kitu hubaki karatasi. Wapo wanaotaka bima ya lazima kama ya magari. Hapo nasita, kwa sababu ukiongeza gharama watu wataficha mbwa siku ya chanjo, na kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba.

Hata hivyo naegemea kwa aliyeumwa. Kufunga lango ni uamuzi wa mwenye mbwa; mama wa sukuma hakuamua lolote. Mwizi asilipwe, lakini mpita njia na aliyebisha hodi walipwe bila kuulizwa kama mbwa aliwahi kuuma kabla.

Sheria ikingojewa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya majeraha yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua katika siku 60. Mama ana namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na kadi ya sindano. Ripoti ya daktari yenye asilimia ya ulemavu bado. Nimemsihi kwanza akapige picha kile kibao, kabla hakijang'olewa.