Waelezeni vijana PATH ni nini

Huku Kadutu, Bukavu, nimemkuta binti wa mwaka wa kwanza wa informatiki anataka kufuta Windows yote. Fundi ndiye aliyemshauri hivyo, kwa sababu kila akiandika javac, amri ya kutafsiri programu za Java, anajibiwa «n'est pas reconnu en tant que commande interne ou externe», yaani amri haitambuliwi. JDK, yaani vifaa vya kutengenezea programu za Java, aliipata kwenye flashi ya mwenzake, ikiwa faili ya zip, na zip haipangi chochote. Kwenye PATH, mpangilio wa Windows wa kutafutia amri, akaandika njia inayoanza na C:\Utilisateurs, kama anavyoiona kwenye skrini. Lakini Windows ya Kifaransa, ambayo Bukavu tunaikuta kila mahali, inaonyesha jina hilo tu; kwenye diski folda inaitwa C:\Users. Ukibofya upau wa anwani juu ya dirisha, unaiona njia ya kweli. Hakuna aliyemwambia.

Hilo limeniuma. Mwalimu aliwapa mistari ya kunakili, akaendelea na somo. Vijana wanaacha programu kabla hawajaandika hata moja, wakidhani akili zao ni ndogo! Waelezeni kwamba PATH ni orodha ya folda ambazo mfumo unazipitia moja baada ya nyingine kutafuta amri uliyoitaja. JAVA_HOME, kigeu kingine cha mfumo kama PATH, inaelekeza kwenye folda ya JDK yenyewe. Folda ya bin iliyo ndani yake, yenye javac, ndiyo inayoingia kwenye PATH. Na kila programu hupewa nakala ya vigeu hivi inapofunguliwa, kwa hiyo dirisha la amri lililokuwa wazi tangu zamani halioni mabadiliko. Lifunge, fungua jipya.

Halafu kuna setx PATH, amri ya kuandika PATH upya, inayosambazwa WhatsApp kama dawa. Tafadhali, acheni. Inakata maandishi yakizidi herufi 1024, na folda za mwisho zinapotea. Leo Java imekubali, kesho Python haipatikani, na mashini yenyewe ni ya kaka yake. Mfungulieni «Variables d'environnement», dirisha la Windows la vigeu hivi, aongeze mstari mmoja kwa mkono wake.

Sawa, wanafunzi ni wengi na umeme unakatika. Lakini maelezo haya hata ubao na chaki vinatosha.

Akishaelewa, mifumo mingine haimsumbui. Ndani ya PATH, Windows hutenganisha folda kwa nukta mkato (;), Linux na Mac kwa nukta pacha (:). Kwenye Ubuntu, aina ya Linux, anaandika export, amri ya kuweka kigeu, ndani ya faili ya mipangilio .bashrc; kwenye Mac, tangu toleo la Catalina la 2019, ndani ya .zshrc. Na kwenye Linux aangalie herufi kubwa na ndogo: Path na PATH ni vitu viwili.