Mwaridi mgonjwa: tukate tawi au tung'oe mti?

Dada yangu anayeishi Tennessee, Marekani, alitutumia picha ya mwaridi wake: tawi moja limechipua vitawi vilivyobanana kama ufagio wa chelewa, vyekundu, vimejaa miba laini. Mama, hapa Mwembetanga, Unguja, alijibu palepale: "Kata tawi hilo, mti utapona." Jirani wa dada akamwambia ang'oe mti mzima siku hiyohiyo. Mabishano haya yanatuhusu na sisi, maana dada alishapanga kutuletea vipandikizi akija Idi.

Ugonjwa wenyewe, rozeti ya waridi, umeonekana Amerika ya Kaskazini tangu miaka ya 1940, ila mwaka 2011 ndipo watafiti walipovitambua virusi vinavyouleta. Hubebwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Hauna mbawa, hupeperushwa na upepo. Dawa ya kuuponya mti haipo. Wamarekani waliufungulia ugonjwa njia pasi na kujua. Miaka ya 1930 walihimizwa kupanda mwaridi-mwitu wa Asia, Rosa multiflora, uwe uzio na uzuie mmomonyoko wa udongo. Ukageuka gugu, na ndani yake virusi na utitiri vikapata makao.

Wanaotetea mkasi wana hoja. Virusi huanzia pale utitiri ulipouma, kisha huenea mtini taratibu. Dalili zikiwa bado nchani, ukalikata tawi lote hadi chini kabisa, huenda ukaviwahi. Wapo wenye bustani wanaosema wameokoa miti hivyo. Na mti wa miaka mingi haununuliki. Hili naliona kwa macho yangu: mwaridi wa Mama umetokana na kipandikizi cha Bibi, na maua yake yameingia kwenye vikuba, vile vishada vya maua yanukiayo, vya maharusi wa ukoo wetu mzima. Nani atanyanyua jembe kwa moyo mwepesi?

Tatizo ni kuwa dalili huchelewa, wiki hata miezi. Sehemu inayoonekana nzima huenda imeshaambukizwa, na utitiri hausubiri. Ndiyo maana wanaong'oa huufunika mti kwa mfuko kwanza usitawanye utitiri, kisha hutoa na mizizi, kwani mzizi uliosalia ukichipua huchipua na ugonjwa. Afadhali virusi havidumu kwenye udongo mtupu.

Mimi naona mahali ndipo pa kuamulia. Mwaridi ulio peke yake, mbali na mingine, kata tawi mara moja; dalili zikirudi, ng'oa. Ulio kwenye safu, usibahatishe. Wa dada uko kwenye safu ya miti kumi na moja ukutani, majani yanagusana.

Kuhusu vipandikizi, Mama anasema mti usio na ugonjwa huzaa kipandikizi kisicho na ugonjwa. Hapo ndipo tunapotofautiana, kwa sababu hiyohiyo ya dalili kuchelewa. Mwaka 2017 virusi hivi viliripotiwa India, kwa hiyo bahari haikingi kitu. Kule Marekani watu hupogoa sana mwishoni mwa baridi ili waondoe utitiri uliojificha kwenye macho ya matawi. Sisi hatuna msimu huo. Miwaridi yetu huchipua mwaka mzima, tena kwenye ndoo na makopo yaliyopangwa bega kwa bega barazani.

Hata hivyo hofu nayo ina hasara. Karafuu yenyewe ilikuja na wageni, na tungefunga milango tusingekuwa na karafuu. Halafu mwenye hofu hung'oa hata kisicho na ugonjwa. Jirani yetu karibu ang'oe mwaridi wake kwa kuona machipukizi mekundu, na machipukizi ya miwaridi mingi huanza mekundu, kisha hugeuka kijani. Wa kuogopwa ni wekundu usioondoka, ukifuatana na miba iliyozidi na vitawi vya ufagio.

Dada ameshang'oa miwili. Nimemwambia aache vipandikizi, alete picha. Mama hajakubali bado. Anasema waridi jeupe kama lile hajaliona Unguja nzima, na katika hilo hakosei.