"Apone Kwanza" Ndiyo Inayowanyima Watu Kazi

Kuna kauli nikiisikia napandwa na hasira: "Apone kwanza, kazi baadaye." Husemwa kwa upole, tena na watu wanaompenda mgonjwa kwelikweli. Apone lini? Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, si mafua. Wengi huishi nayo miaka na miaka, dawa zikiituliza bila kuifuta. Anayesubiri cheti cha kupona atasubiri sana.

Na si kwamba hakuna njia nyingine. Tangu miaka ya 1990, kwa kazi ya watafiti Robert Drake na Deborah Becker huko Marekani, upo utaratibu wa kinyume kabisa: mtu akisema anataka kazi, anaanza kutafutiwa mara moja, kazi halisi yenye mshahara, na mshauri anabaki naye hata baada ya kuajiriwa. Mwaka 2007 yakatolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika miji sita ya Ulaya, wenye wagonjwa 312. Waliosaidiwa kwa njia hiyo, 55% walifanya kazi angalau siku moja. Walioanzishiwa mafunzo kwanza, 28%.

Haya, nakubali: siku moja si ajira. Kubaki ndiyo shughuli.

Watu hudhani kinachomfukuzisha mtu ni sauti anazozisikia. Mara nyingi ni umakini na kumbukumbu ya muda mfupi, vitu ambavyo dawa haivirekebishi sana. Msimamizi anapita mbio: "Hizo risiti zipange kwa tarehe, za mwezi uliopita mpe mhasibu, na kabla ya saa nane nipigie kuhusu ule mzigo." Maagizo matatu kwa pumzi moja. La kwanza linafanyika, la pili linafanyika nusu, la tatu limeyeyuka. Saa nane na robo mtu anaitwa mzembe. Dawa yake ni karatasi: mistari mitatu, kila mmoja na saa yake, unakata kilichokwisha. Na kabla msimamizi hajageuka, mrudishie: "Naanza na risiti, halafu mhasibu, halafu nakupigia, sivyo?" Gharama kwa kampuni: kalamu moja. Eti haina bajeti!

Mtego wa pili ni asubuhi. Dawa za ugonjwa huu kama olanzapini, kwetiapini na klozapini huleta usingizi mzito. Ukimeza saa sita usiku, saa mbili asubuhi kichwa bado ni jiwe. Muulize daktari kama dozi inaweza kusogezwa mapema jioni, na mwajiri kama unaweza kuingia saa nne. Wengi hufanya jingine: wanaruka dozi ya Jumapili ili Jumatatu waamke wepesi. Kwa klozapini huo ni mchezo wa hatari. Zikipita zaidi ya saa 48 bila kumeza, hurudii dozi yako ya kawaida. Unaanza upya na miligramu 12.5 na kupanda polepole chini ya daktari. Jumatatu moja nyepesi, kisha wiki kadhaa za kupandisha dozi.

Kuhusu kusema au kutosema: huhitaji kutaja ugonjwa ili kuomba maagizo ya maandishi, ila ulinzi wa sheria mara nyingi huanza pale mwajiri anapojua. Zamu za usiku, samahani, hapo nawaunga mkono wanaokataza. Usingizi ukivunjika, mengine hufuata.

Mpango wa siku mbaya uandikwe siku nzuri, nakala moja abaki nayo mtu wa nyumbani. Usiku mbili bila usingizi: piga simu kliniki siku hiyohiyo, usingoje miadi. Ukianza kuhisi wenzako wote wanakusengenya: mwambie huyo wa nyumbani kwanza, kabla hujamkabili yeyote ofisini. Na barua ya kuacha kazi, kama imeshaandikwa saa tisa usiku, ikae kwenye droo siku saba.