Mita ya Saa Nane Usiku

Aliyenifundisha mengi kuhusu hewa ukaa ya vyuo vikuu ni mlinzi. Miaka hiyo nilikuwa mtafiti msaidizi, nina jaribio lililotaka kuangaliwa kila baada ya saa sita, na usiku mmoja wa Jumapili nikajikuta nabisha hodi kwenye jengo la sayansi saa nane kasoro. Mzee akafungua mlango, akanimulika usoni, akanitambua.

"Ingia mwanangu. Wenzako humo ndani hawajalala."

Nikamuuliza wenzangu gani tena usiku huu. Akacheka. "Mashine."

Nilipomaliza kazi yangu nikamwomba tuzunguke jengo zima. Alibeba tochi ambayo hakuihitaji, maana taa za korido zilikuwa zinawaka zote. Kwenye chumba cha semina kiyoyozi kilikuwa kwenye nyuzi 18, kinavipuliza viti ishirini vitupu, na projekta inamulika ukuta rangi ya buluu, inatafuta kompyuta iliyoondoka tangu Ijumaa. Chumba cha kompyuta kilionekana kimelala, lakini nilipogusa kipanya cha kwanza skrini ikaamka papo hapo; cha pili vilevile, cha tatu vilevile. Maabara ya kemia kulikuwa na lile kabati la kioo la kuvutia mivuke ya kemikali. Kioo kilikuwa kimepandishwa hadi juu, ndani hamna kitu, na feni yake inavuma kama gari linalopanda mlima.

Mwisho wa korido zilijipanga friza tatu za sampuli, zile za nyuzi 80 chini ya sifuri. Moja ilikuwa imeota barafu hata mlango haukai vizuri. Niliivuta, nikaona boksi lenye jina la mtu na mwaka. Mwenyewe nilikuwa namfahamu. Alikwisha hitimu, akapata kazi, akaoa, ana watoto wawili. Sampuli zake zilikuwa bado zinalindwa usiku na mchana dhidi ya joto la dunia.

Kabla ya kuondoka nilinakili namba za mita ya jengo, nikasubiri nusu saa, nikanakili tena. Jumanne saa tano asubuhi, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, nikarudia zoezi lilelile. Jengo tupu la saa nane usiku lilikuwa linakula zaidi ya nusu ya umeme wa jengo lililojaa.

Wiki hiyohiyo chuo kilikuwa na siku ya mazingira. Fulana za kijani, kipaza sauti, viongozi wakipiga picha na miche. Sina ugomvi na miti, nimepanda yangu na inanipa kivuli. Ninachokataa ni kuutwika mche wa jana deni la hewa ukaa ambalo hakuna aliyewahi kuliandika. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, na vyuo vyetu, ambavyo vinafundisha uhasibu, vinachoma umeme na mafuta bila daftari.

Daftari lenyewe halina uganga. Wanaohesabu gesi joto, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazoipasha dunia joto, hugawa mafungu matatu. La kwanza ni kile kinachoungua au kuvuja ndani ya chuo chenyewe: jenereta, magari, majiko, mitambo ya baridi. La pili ni umeme unaonunuliwa. La tatu ni mengine yote: safari, saruji, karatasi, kompyuta, chakula, taka, hata namna wanafunzi wanavyofika darasani. Vyuo vingi hupenda kuishia fungu la pili kwa sababu bili ya umeme huja imepigwa chapa, haihitaji kutafutwa. Kwa mengine inabidi kuulizana.

Ukiulizana utakutana na mambo ya ajabu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Watu hudhani nimekosea, moshi utazidije uzito wa mafuta? Ni kwamba kila chembe ya kaboni hujinyakulia chembe mbili za oksijeni kutoka hewani, ndipo uzito unapopanda. Kwa hiyo jenereta linalokunywa lita 40 kwa saa, likiwashwa kwa muda wa saa nne tu, limeshatoa zaidi ya kilo 400.

Lakini lililonishtua mimi ni fundi wa viyoyozi. Kila baada ya miezi michache alikuja na mtungi wake kujaza gesi, na hakuna aliyeshangaa, kana kwamba gesi ya kiyoyozi huliwa kama mafuta ya gari. Haitakiwi kuisha hata kidogo. Ikiisha, imevuja. Gesi aina ya R-410A, iliyomo kwenye viyoyozi vingi, kilo moja yake ikitoka hewani hupasha dunia joto sawa na karibu kilo 2,100 za kaboni dioksidi. Piga hesabu: kilo moja iliyovuja ni sawa na kuchoma karibu lita 780 za dizeli. Na kwenye stoo ya chuo inaandikwa "matengenezo ya kawaida". Fundi mmoja makini, mwenye agizo la kuziba tundu kwanza ndipo ajaze, anaweza kuwa na faida kuliko kamati nzima.

Nirudi maabara, maana hapo ndipo vyuo vya sayansi vinapovuja damu. Friza ya zamani ya nyuzi 80 chini ya sifuri inaweza kula uniti 20 kwa siku, kiasi kinachoweza kutosha nyumba nzima. Ukiipandisha hadi 70 chini ya sifuri, umeme hupungua kwa karibu asilimia 30, na sampuli nyingi hazina habari. Lile kabati la kemikali ni baya zaidi: kazi yake ni kunyonya hewa ya chumba na kuitupa nje, hewa ambayo chuo kimeshalipia kuipoza au kuipasha. Wataalamu wa Marekani wamekadiria kwamba kabati moja linaweza kula nishati ya nyumba tatu za kwao. Kwenye makabati ya kisasa, ukishusha kioo feni hupunguza mwendo yenyewe. Kushusha kioo ni kazi ya mkono mmoja na sekunde mbili.

Kwa nini hakishushwi? Nimeliwaza sana swali hili na sikubali jibu la kwamba watu ni wazembe. Profesa yuleyule anayeacha kioo juu anazima taa zote kwake kabla ya kulala, na anagombana na watoto kuhusu pasi. Nyumbani bili inamjia yeye. Chuoni inakwenda ofisi ya fedha, ikiwa imejumlisha majengo yote pamoja, na mhasibu analipa bila kujua friza ni mnyama gani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetumia halipi, anayelipa haoni, na anayeona, yaani yule mzee mwenye tochi, hakuna anayemuuliza.

Ndiyo maana, katika yote yaliyojaribiwa na vyuo duniani, linalonivutia zaidi ni la Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani. Desemba 2015 walianza jaribio kwenye majengo 20, wakatoza kaboni kwa dola 40 kwa tani. Fedha hazikutoka nje ya chuo, zilizunguka humohumo: kitengo kilichopunguza vizuri kuliko wastani wa chuo kinapata, kilichozembea kinatoa. Majengo yaliyotozwa yalifanya vizuri kuliko yale ambayo hayakutozwa, na mwaka 2017 mpango ukapanuliwa hadi zaidi ya majengo 250. Huhitaji fedha za Yale kuiga hili. Unahitaji mita moja kwa kila jengo na mkuu wa idara anayepokea karatasi yenye jina lake juu.

Najua watakaosema elimu si biashara, mambo ya kutozana yatachosha watafiti. Labda. Ila bajeti ya idara huwa ina mstari wa wino wa printa na mstari wa chai ya wageni, na hakuna aliyechoka. Umeme unazidi vyote hivyo na hauna mstari.

Safari za ndege nazo zina harufu hiyohiyo. Chuo cha ETH Zurich, Uswisi, kilipojipima kilikuta safari za kikazi zinabeba zaidi ya nusu ya gesi joto zake. Nilichokipenda ni kwamba hakikutoa amri moja kutoka juu. Kila idara iliambiwa ijipangie kiwango chake cha kupunguza. Mtafiti chipukizi anahitaji kuonekana kwenye mikutano, na mimi singependa azuiwe ili mkubwa wake aendelee kuruka. Aanze mkubwa. Anayekwenda kutoa hotuba ya dakika ishirini na kurudi kesho yake anaweza kuitoa kwenye skrini. Na akilazimika kwenda, kiti cha daraja la biashara kinabeba karibu mara tatu ya kaboni ya kiti cha kawaida kwa sababu kinakula nafasi kubwa ya ndege. Hilo lingeandikwa kwenye fomu ya kuomba safari, pale karibu na sahihi, nadhani kalamu zingesita kidogo.

Ofisi ya manunuzi ndiyo ninayoiona imesahaulika kabisa. Hakuna mwanafunzi anayeandamana nje ya ofisi ya manunuzi, lakini ndiyo inayoamua gari gani, kompyuta gani, friza gani, na itadumu miaka mingapi. Zabuni inayompa ushindi mwenye bei ya chini bila kuuliza mashine itakula umeme kiasi gani kwa miaka kumi inanunua rahisi na kulipa ghali. Hata jikoni mambo ni hayohayo. Mwaka 2016 huduma ya chakula ya Chuo Kikuu cha Cambridge iliacha kununua nyama ya ng'ombe na ya kondoo, na baadaye ikaripoti kwamba kaboni kwa kila kilo ya chakula ilishuka kwa theluthi moja. Hakikuhitajika kipeperushi cha kumshawishi mlaji mmoja mmoja, orodha ya manunuzi ndiyo iliyobadilika. (Kama ni uamuzi mzuri kwa kila mahali ni mjadala mwingine. Nazungumzia nguvu ya orodha.)

Na mtu wa ratiba! Saruji peke yake huchangia takribani asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi itokanayo na shughuli za binadamu. Kila chuo kinalia vyumba havitoshi, kisha ukipita Ijumaa alasiri unakuta kumbi zimefungwa kwa kufuli. Kabla ya kukata utepe wa jengo jipya ningeomba kuona ratiba ya majengo yaliyopo, saa kwa saa. Mtu anayepanga vipindi kwenye kompyuta yake pale ghorofa ya chini ana uwezo wa kuokoa tani nyingi za saruji, na sidhani kama amewahi kualikwa kwenye siku ya mazingira.

Sola? Naam, ziwekwe. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, tangu mwaka 2000 kinapoza majengo yake kwa maji baridi ya kilindini mwa ziwa Cayuga, kikaokoa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa kupoza. Kila mmoja atumie alichojaliwa, jua au ziwa. Ombi langu ni moja: mita isomwe kabla paneli hazijapandishwa, tusije tukafunga mtambo mkubwa wa kulisha projekta inayomulika ukuta.

Kuhusu matangazo ya "tumefikia sifuri", yaani kwamba chuo hakiongezi tena kaboni hewani, mimi ni mgumu wa kuamini. American University ya Washington ilitangaza hivyo mwaka 2018, na imefanya kazi halisi, lakini sehemu ya hesabu yake ilifungwa kwa kununua vyeti vya kaboni iliyopunguzwa kwingine. Azimio la Talloires, ahadi ya vyuo kutunza mazingira iliyoandikwa na wakuu wa vyuo kule Ufaransa mwaka 1990, limetiwa sahihi na vyuo zaidi ya 500. Sahihi hizo nazipima kwa kipimo changu cha kishamba: mita ya saa nane usiku imeshuka?

Yetu ilishuka, kwa muda. Baada ya mzunguko ule nilimwandikia mwenye boksi, akanijibu kwa aibu kwamba zitupwe zote. Profesa akakubali. Tukahamisha vilivyobaki kwenye friza mbili, tukazima ile yenye barafu, tukaiacha iyeyuke juu ya matambara. Usiku uliofuata mzee mlinzi alisimama koridoni, akatega sikio. "Leo mmoja amelala," akasema.

Haikufika wiki ya tatu nikakuta soketi ile ina waya tena. Jokofu dogo, jipya, lenye mlango wa kioo na taa ndani, limejaa maji ya chupa. Nikauliza ni la nani.

"La idara," nikajibiwa.