Mchujo wa Kwanza Ni Nauli

Kwenye kila tangazo la kuitwa kwenye usaili wa ajira serikalini kuna mstari ambao watu huupita mbio wakitafuta majina yao. Umekaa katikati ya maelekezo, jirani na lile la kuja na kitambulisho na lile la vyeti halisi: kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Nimeusoma katika matangazo manne niliyoitwa, na kwa maoni yangu usaili unaanzia hapo. Karatasi ya maswali inakuja baadaye sana.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mtihani wenyewe. Wapo watakaofungua makala hii wakitegemea niseme kazi zote zina wenyewe, na kwamba bila mjomba wizarani unajichosha bure. Maneno hayo nimeyasikia kwenye kila foleni niliyowahi kupanga. Sitaapa kwamba kujuana kumekwisha nchi hii. Lakini tukumbuke tulikotoka. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 iliwaachia waajiri kazi ya kuajiri wenyewe, kila wizara na kila halmashauri kwa nafasi yake, na waliotafuta kazi enzi hizo wanajua kimemo kilikuwa na nguvu gani. Marekebisho ya 2007 ndiyo yaliyozaa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inayosaili kwa niaba ya waajiri hao. Leo mtoto wa mkulima wa Nanyumbu anakaa ukumbi mmoja na mtoto wa bosi, maswali yale yale, saa ile ile. Hilo nalithamini kuliko watu wanavyodhani. Shida yangu ni jinsi kila mmoja wao anavyofika kwenye huo ukumbi.

Huku kwetu Mangaka, wilaya ya Nanyumbu mkoani Mtwara, safari inaanzia steshenari. Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti wa kuombea kazi, iko mtandaoni, na mwenye simu nzuri, bando na utulivu anaweza kujaza mwenyewe. Wengi hatuna vyote hivyo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo unakwenda na bahasha yako ya kaki kwapani, unakaa kwenye kiti cha plastiki, na kijana anakuuliza bila kuinua macho, "Dada, namba ya NIDA unayo?" Ni namba ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zenyewe ni 20, unazisoma moja moja huku mashine ya fotokopi ikinguruma. Anakufungulia baruapepe, anakutungia nywila, anaskani vyeti, anatoza elfu tano.

Mara yangu ya kwanza kijana alipandisha hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti. Tangazo linasema wazi kwamba hati za matokeo hazipokelewi. Sikuhakiki, jina halikutoka. Nilipotaka kurekebisha kwa ajili ya nafasi nyingine nikakuta kijana amehamia Masasi, na nywila imehama naye. Nilimsaka wiki mbili. Alipopatikana, naye alikuwa ameisahau.

Ukali wa vyeti siulaumu. Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti iliyotaja watumishi 9,932 waliokuwa kazini kwa vyeti vya kughushi. Baada ya jambo kama lile, serikali ikidai cheti halisi kuanzia kidato cha nne kwenda juu, hata mimi ningedai. Ila kuna watu ambao kosa lao ni herufi moja. Cheti changu cha kuzaliwa na cha shule havikubaliani jina la kati, mmoja aliandika kwa "i" na mwingine kwa "e", na hakuna aliyeniuliza. Herufi hiyo imenigharimu kiapo cha wakili na nauli ya kumfuata huyo wakili.

Mwaka 2022 jina likatoka. Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, mchujo, yaani mtihani wa kuandika, Jumamosi, Dodoma. Tangazo lilikuwa limewekwa siku tisa kabla, mimi nikaliona zimebaki sita. Na ilikuwa Machi. Mtu wa Kusini atauelewa uzito wa huo mwezi: fedha ya korosho huanza kuingia Oktoba kwenye minada, na ikifika Machi nyumba nyingi zimebaki na madaftari ya madeni. Baba alikwenda kumwona mtu wa chama cha msingi, akarudi akakaa kimya, tukajua. Mama akakopa laki mbili kwenye kikoba, riba asilimia kumi, akanipa zikiwa zimefungwa kwenye ncha ya khanga. "Nenda mwanangu. Ya kulipa tutayajua wenyewe."

Alhamisi nilipanda basi la alfajiri. Masasi, Lindi, Kibiti, nikaingia Mbagala giza limeshika, nikalala kwa binamu yangu. Ijumaa nikaenda Mbezi, stendi ya Magufuli, nikakuta magari ya asubuhi yamejaa watu wenye bahasha za kaki kama yangu. Nikapata la mchana. Dodoma nikafika saa tano usiku. Gesti za elfu kumi na tano zilikuwa zimeshapanda hadi elfu ishirini na tano, na bado zimejaa, maana mji mzima ulikuwa umepokea wasailiwa. Mwisho nikaungana na wasichana wawili niliokutana nao hapo hapo mapokezi, mmoja katokea Kibondo, mwingine Ludewa. Kitanda kimoja, watu watatu, tumelala kwa upana miguu ikining'inia. Yule wa Kibondo alikuwa safarini tangu Jumatano. Tulisoma maelezo ya kada yetu kwa tochi ya simu mpaka saa nane, tukazima.

Saa moja asubuhi tuko getini, tumenunua barakoa za jero maana enzi hizo za corona bila barakoa huingii. Swali la tatu lilihusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: fafanua mgawanyo wake. Jamani, hilo nalijua usingizini. Wanawake nne, vijana nne, watu wenye ulemavu mbili. Kikundi cha mama kilishawahi kukopa huko, na fomu zao nilizijaza mimi. Mkono ukaandika tano kwa tano, ule mgawanyo wa zamani kabla watu wenye ulemavu hawajatengewa fungu lao. Niliyaona makosa yangu nimeshatoka nje, nikinywa maji ya mfuko. Swali lilikuwa na alama nne.

Mchujo ulikuwa Jumamosi, mahojiano Jumanne. Hapo katikati ndipo penye mtihani ambao haumo kwenye tangazo. Matokeo hujui yatatoka saa ngapi. Ukirudi nyumbani na jina likatoka, umepoteza. Ukibaki, unalipia gesti siku tatu kwa matumaini. Sisi wa Mangaka, Kibondo na Ludewa hatukuwa na la kuchagua, tulibaki tukila mihogo ya kukaanga na chachandu asubuhi na jioni. Mkazi wa Dodoma alikwenda kwao akalala. Orodha ilitoka Jumapili usiku. Nilikuwa na alama 61. Wa mwisho aliyeitwa alikuwa na 63.

Nikisimulia haya kuna anayenijibu kwamba aliyejiandaa hafelishwi na basi. Labda, kama tungekuwa watu kumi. Juni 2014 zaidi ya watu elfu kumi walijaa Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha zile za vijana wamekaa kwenye viti vya mashabiki wakiandika juu ya mapaja nadhani wengi wetu tunazo vichwani. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, waombaji wakazidi 135,000. Ni kama watu 85 kwa kiti kimoja. Ushindani ukifika hapo, kati ya anayeitwa na anayeachwa hapana pengo la akili. Pana alama mbili, na usingizi wa usiku mmoja una zaidi ya hizo. Unaweza kuweka maswali ya haki kabisa, ukasahihisha kwa haki kabisa, halafu ukajikuta umeajiri waliokuwa karibu na ukumbi.

Nijibu pia hoja ya walimu, kwa sababu nina marafiki huko na tumeshabishana mpaka tukanuniana. Zamani mwalimu alipangiwa kituo bila usaili. Utaratibu ulipobadilika na wao wakaingizwa kwenye usaili, mapema 2025 walimu wasio na ajira walipaza sauti: ondoeni mtihani, muajiri kwa kufuata mwaka wa kuhitimu, aliyemaliza 2015 atangulie. Nawaelewa. Mtu aliyelima ufuta miaka tisa anapambanishwa na aliyemaliza juzi, ambaye notisi zake bado zina joto. Hata hivyo siungi mkono. Foleni ya mwaka wa kuhitimu inamwambia aliyemaliza mwaka jana asubiri miaka kumi hata kama ndiye mwalimu bora wa hesabu wilayani, na foleni yoyote isiyo na mtihani huwa inapata mlango wa nyuma. Katika sakata lile lile kulikuwa na jambo jema ambalo halikusifiwa vya kutosha: usaili wao ulifanyika mikoani. Mwalimu wa Rukwa hakulazimika kuijua Dodoma.

Kwa hiyo inawezekana. Siku hizi mchujo wa kada nyingine nao umeanza kusogezwa mikoani, na napongeza bila kinyongo. Ila mkoa bado ni mbali. Kutoka Mangaka hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 200, na hapo hatujamzungumzia anayetoka kijiji cha mpakani kando ya Ruvuma. Kila mwaka Baraza la Mitihani linawakalisha watahiniwa zaidi ya laki tano wa kidato cha nne siku moja, karatasi moja, katika shule za kata nchi nzima, polisi mlangoni, bahasha zimefungwa kwa lakiri. Mtoto wa miaka 17 anafanyia mtihani wa taifa kilomita tano kutoka kwao. Akishapata shahada tunamwambia apande basi siku mbili kufanya mtihani wa saa moja na nusu. Sababu sijaiona. Shule ni zile zile, madawati ni yale yale, na wasimamizi tunao.

Mahojiano ni magumu zaidi kuyasogeza, nakubali, jopo haliwezi kutembea wilaya zote. Lakini mahakama zetu zinasikiliza mashauri kwa video, shahidi yuko mkoa huu na hakimu mkoa ule, na watu wanahukumiwa vifungo kwa ushahidi huo. Kama picha ya video inatosha kumfunga mtu, inatosha pia kumuuliza Afisa Ugavi maswali matano. Na kama hilo nalo ni kubwa, basi tupewe muda: wiki tatu kutoka tangazo hadi mchujo, na nafasi ya kupumua kati ya mchujo na mahojiano ili mtu arudi kwao badala ya kulipia gesti.

Mara ya tatu nilifika mahojiano, nikafaulu, nafasi zikaisha kabla ya kunifikia. Nikaingizwa kanzidata, ambako wanawekwa waliofaulu wakisubiri nafasi itokee. Mama alimtangazia jirani kwa furaha kwamba mwanawe yuko Kanzidata. Jirani akauliza ni mkoa gani huo. Tulicheka, lakini nilikaa huko nikishtuka kila namba ngeni inapopiga, nikiogopa hata kuzima simu ichaji, mpaka muda wangu ukapita. Kikoba tulimaliza kulipa kabla.

Sasa nina steshenari yangu mwenyewe, mita chache kutoka pale nilipopandishiwa hati ya matokeo. Kwa kila mteja naandika baruapepe na nywila kwenye karatasi, nampa, namwambia aitunze na kadi ya kliniki. Juma lililopita alikuja kijana mmoja kuomba nafasi ya Mtendaji wa Kijiji. Tukafika sehemu ya makazi ya sasa, akasita.

"Dada, niandike Mtwara au niandike Dodoma? Dodoma nina baba mdogo, nitalala kwake."

Nikamuuliza anaishi wapi. Akataja kijiji chake. Nikamwambia aandike mkoa anaoishi, kwa sababu huenda akapangiwa usaili huko huko. Akafikiri kidogo, akanitazama.

"Kutoka hapa mpaka Mtwara sasa hivi nauli ni shilingi ngapi?"